Matuta Yaliyonyooka

Kaka,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba chupa mbili za jamu zimehamishwa kutoka jikoni na kupewa kazi ya utafiti. Shemeji yako hajaafiki.

Mvua kubwa ilipoanza, nilitaka kujua maji yanatoka shambani na nini. Nikakinga chupa moja mwisho wa matuta yangu, yaliyokingama na mteremko. Nyingine nikakinga mwisho wa yako, yanayoteremka moja kwa moja, maana uliagiza kwa simu, "Yanyooke, yapendeze kwenye picha." Yangu ilitulia, ikabaki tope kidogo chini. Yako ilikuwa uji. Kijiko kilisimama chenyewe.

Shangazi, mwenye shamba la bondeni, aliichungulia akacheka. "Mwambie kakako, hata maji yanapenda njia iliyonyooka."

"Sasa akirudi atalima nini, shangazi?"

"Mawe. Yapo mengi."

Najua umeshaacha kazi huko kwa kulitegemea shamba hili. Nimeanza kuyakata matuta yako upya, yakingame, na kingoni napanda nyasi. Udongo wenyewe haujapotea, uko kwa shangazi. Keshapanda maharage, na yameota.

Mdogo wako