Afadhali ya Mwalimu Radi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limeacha ukorofi. Sisi huku hatujambo, ila kazi haiishi.

Uliniuliza hii kazi ya kukaa nyuma ya darasa na daftari ni kazi gani hasa. Wewe uliyefundisha miaka thelathini utaielewa. Mkuu wa shule moja aliniita nimtazame mwalimu wa darasa la pili, ambaye watoto wanamwita Mwalimu Radi kwa ile sauti yake. Siku ya kwanza, kipindi kimoja tu, nilihesabu makaripio arobaini na moja na sifa moja. Na sifa yenyewe, utacheka, ni lile neno lako la kutusifia: afadhali. Kesho yake akapewa barua ya onyo: abadilike ndani ya muhula mmoja, la sivyo anyang'anywe darasa. Mimi nikaachiwa nimsaidie.

Nikamwambia akimwona mtoto anafanya jema, alitaje jema lenyewe, papo hapo. Akasema mdomo wake haujazoea mambo hayo, aanzie kwanza nyumbani. Asubuhi akaniletea habari kwamba alimsifu mkewe kwa kukunja nguo vizuri, na mkewe akamuuliza amevunja nini.

Lakini hakukata tamaa, yule bwana. Kuna binti pale wanamwita Kiguu na Njia, hakai kitini hata umgandishe kwa gundi. Radi akampa kazi ya kugawa madaftari. Alipomaliza akarudi kukaa, na mwalimu akainama akamwambia kwa sauti ya chini kwamba amerudi kwenye dawati bila kuitwa, na yeye ameona. Weee! Mtoto alikaa mpaka kengele, akimchungulia mwalimu kama bado anaona. Mwisho wa muhula makaripio yalikuwa sita. Mkuu ameshatia saini, darasa ni la Radi.

Sasa Mama, nina la kukiri. Barua ile ya onyo chanzo chake ni mimi. Mkuu aliniomba maoni siku ile ya kwanza, nami nikaandika neno moja: hafai. Dakika arobaini tu za kumwona mtu! Neno hilo nililibeba muhula mzima. Ijumaa, Radi alipokuja kunishukuru, nikashindwa kuvumilia. Nikamwonyesha karatasi yenye neno hilo.

Aliisoma mara mbili. Nikangoja radi ipige. Akaikunja taratibu, akasema, kwa sauti ileile ya chini aliyomwambia Kiguu na Njia, kwamba imemuuma, lakini nimemwambia mwenyewe kabla hajasikia kwa mwingine, na yeye ameona. Nililia, Mama, mtu mzima mimi, mbele ya ubao.

Msalimie Baba, na shangazi mwambie kitambaa chake kimefika. Ukinijibu, nakuomba, usiniandikie afadhali. Niambie umeona nini.

Ni mimi mwanao,
Kitinda mimba wako