Kusoma Kidole

Umoja, Nairobi

Mdogo wangu Luseno,

Pokea salamu nyingi kutoka huku. Natumaini hamjambo nyote, na kwamba goti la mama limepungua kuuma tangu mvua ziishe. Mimi siumwi popote.

Uliniuliza kama kuna nafasi kiwandani. Ipo. Ni ya Jackton, yule mcheshi aliyekununulia chai ulipokuja Krismasi. Nitakueleza ilivyopatikana, kisha uamue.

Kiwanda chetu cha misumari kina kelele ambayo ukishaizoea huisikii tena. Kila mwaka kliniki moja hutuma gari lenye kibanda kisichopitisha sauti. Unaingia, unavaa spika za masikioni, na Nzomo, mpimaji, anakaa upande wa pili wa kioo akikupigia milio midogo. Ukiisikia, unabonyeza kitufe. Anayeshindwa huondolewa kwenye mashine akafagie uwanja, na mkataba wake ukiisha hauandikwi mwingine. Kwa hiyo hakuna anayeshindwa. Kioo kinaonyesha kidole cha Nzomo kikishuka, na wakongwe huwafundisha wageni kukisoma. Mwaka wangu wa kwanza Jackton aliniambia, "Madam, masikio ni ya hereni. Hapa tunasikiza na macho." Foleni nzima ilicheka.

Mwaka huu Jackton alipita tena. Haikuchukua muda, akawa anapanga katoni mlangoni mwa stoo, foklifti ya kubebea mizigo ikarudi nyuma huku king'ora chake kikilia. Mumin, dereva, alidhani atasogea, maana kila mtu husogea. Jackton hakugeuza hata shingo. Mguu wake umekatwa chini ya goti.

Meneja alituita mkutanoni akatusomea matokeo ya Jackton: masikio yote mawili ni mazima. King'ora nacho kizima. Basi huo ni uzembe wake, akasema, na kampuni haitalipa fidia. Awiti, mkewe, alikuwa amesimama mlangoni na nguo za kazi za mumewe kwenye mfuko. Alitutazama mmoja mmoja. Hakuna aliyefungua mdomo, hata mimi.

Kisha gari likaitwa tena, ili kuthibitisha kwamba sisi wengine tunasikia. Nilipoingia kibandani nilifumba macho. Nilikaa nikisubiri mlio wa kwanza, nikidhani Nzomo bado anapanga vyombo vyake. Nikaguswa begani. Alikuwa ameshafungua mlango, na maneno yake niliyaelewa kwa kutazama midomo: "Tumemaliza, dada."

Luseno, sikusikia hata mmoja.

Nilimwomba aandike hivyo hivyo. Kisha nikamkalisha kwenye kiti changu nikamwonyesha mahali kidole chake huonekana kwenye kioo. Jumatatu kioo kitazibwa, na kila mtu atapimwa upya. Sasa wakati wa chai nakaa peke yangu. Ni Mumin tu aliyenijia, akanisogelea sikioni akaniambia nisipite uwanjani bila mtu wa kunisindikiza. Sikujua kama ananionya kuhusu foklifti au kuhusu watu.

Kwa hiyo nafasi ipo, na baada ya Jumatatu huenda zikawa nyingi. Usije.

Mama mwambie nipo, ninakula vizuri, na haya mengine yabaki kwako. Ukiwa na neno niandikie ujumbe, usipige simu.

Nawatakia usingizi mwema hapo nyumbani.

Dada yako,
Ayuma