Pedi za Kadi Yako, Sudi

Sudi mume wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekereka, na sitaanza kwa kukwambia kwamba sijambo. Vidole vyangu vimejaa dawa ya kijivu isiyotoka kwa sabuni, chumba kinanuka spiriti, na shangazi yako Mwajuma amejikalia mlangoni ananichunga utadhani nitatoroka. Nimekaa eda, Sudi. Mwenye eda watu wanamtegemea alie, asome Kurani, apumzike. Mimi nimeshika bisibisi.

Na haya yote umeyataka wewe. Hukusikia yaliyotokea siku ya kukuzika, kwa hiyo ngoja nikueleze. Kabla jeneza halijatoka hapa nyumbani Chanika, msemaji wa familia alishika kipaza sauti akatangaza kama ilivyo kawaida, kwamba kama kuna mtu anamdai marehemu ajitokeze, familia ipo. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nalia zangu. Sikuwa na wasiwasi, maana hukuwa mtu wa kukopa. Mara nikasikia sauti ya mzee: "Mie namdai harusi. Namdai harusi ya binti yangu. Alikuja kuishuti, pilau akala, na mpaka leo sijamwona hata bibi harusi anaingia ukumbini." Alikuwa Mzee Kibwana wa Temeke. Wanawake mle ndani wakaguna. Wenzio wanadaiwa fedha, wanadaiwa viwanja. Wewe unakwenda kaburini na harusi ya watu!

Nikamtuma mdogo wako Salumu akaseme kule nje kwamba deni hilo nimelichukua mimi. Wewe ulikuwa unashuti, mimi nahariri, tangu tuoane tumefanya hivyo. Picha zote zilikuwemo kwenye kompyuta. Sikutaka ulale na jina la tapeli, na nilidhani ni kazi ya siku chache. Sikujua kwamba kompyuta yenyewe umeniachia mgonjwa.

Unaijua vizuri kadi yako ya grafiki, hiyo uliyonunua imeshachoka kwa watu wengine ukaja nayo umeipakata. Bila hiyo video haitoki. Kila nikiiwekea kazi inakwenda kidogo, inachemka, feni zake mbili zinapiga kelele, kioo kinakuwa cheusi na mashine inajizima. Nimefungua kava nikaielekezea feni ya mezani, nikapata vumbi tu. Nimejaribu alfajiri kukiwa na ubaridi, ikazima. Shangazi ameisomea dua na kuipulizia, ikazima. Na wewe ulikuwa unajua! Mara ngapi nilikwambia hii kitu inaungua, ipake dawa mpya ya kupitisha joto, badilisha pedi? "Kesho, mke wangu." Kesho yako hiyo ndiyo hii niliyonayo mimi sasa.

Kwenda kwa fundi siwezi, eda haina mchezo. Kumleta fundi mwanamume chumbani, shangazi alinitazama mara moja tu nikalifuta wazo hilo mwenyewe. Basi nikamwita Salumu dirishani. Nikamwambia, "Shemeji, ukienda Kariakoo niletee pedi."

"Pedi, shem?"

"Pedi. Na ulete nzuri, za bei rahisi zinavuja."

Nilikuwa nimesema kweli tupu. Pedi mbovu za kadi zinatoa mafuta, wewe mwenyewe ndiye ulinifundisha. Jioni Salumu akarudi na kifurushi kimefungwa gazeti, juu yake mfuko mweusi, akakiweka dirishani akaondoka mbio bila kuniangalia usoni. Nafungua, pedi za kike. Zenye mabawa. Sudi, nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ufe, nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Halafu nikamwona shangazi. Alikuwa amesikia kila neno pale dirishani, na sasa amekaa chini jikoni, khanga usoni. Kumbe siku zote hizo alikuwa anaomba kimyakimya uwe umeniachia mimba. Asubuhi akiniuliza kama nasikia kichefuchefu, mimi nilidhani ananihangaikia chakula. Aliposikia pedi akajua. "Kumbe hata mtoto hakutuachia," akasema. Nikataka kumweleza kwamba ni mambo ya kompyuta, ni vipande vya mpira laini vya kupitisha joto. Lakini ilikuwa kweli, Sudi. Hukutuachia. Nilikuwa nimeshajua kabla yake, nikanyamaza, kwa sababu sikujua mtu anaisemaje habari kama hiyo. Nikakaa naye pale sakafuni tukalia wote. Na hata nikilia nilikuwa nimekasirika. Mafundi waliishiwa na majina yote duniani mpaka kipande cha kupoozea kompyuta wakakiita pedi?

Kesho yake nikamwelekeza Salumu upya, na picha nikamtumia. Akanipigia akiwa dukani. "Shem, jamaa anauliza unene. Zipo za milimita moja, moja na nusu, mpaka mbili." Bila hata kufikiri nikamjibu moja na nusu.

Unajua nilikoitoa. Wewe kila kitu kilikuwa moja na nusu. Ninunue mchele kiasi gani? Kilo moja na nusu. Uko wapi saa hizi? Nipe lisaa limoja na nusu. Toka hapa mpaka Ubungo? Lisaa limoja na nusu, hata mvua imekata barabara. Nilipokuuliza siku za nyuma pedi za kadi hii ni za unene gani, ulijibu hivyohivyo, wala hukuinua macho kwenye sahani. Hata pale hospitali, umeshapasuliwa tumbo, midomo imekukauka, uliniambia, "Wiki moja na nusu niko nyumbani, usibebe mashuka mengi." Nikakuamini. Nilibeba shuka moja.

Basi nikaichomoa kadi, nikafungua skrubu, nikabandua chuma cha kupoozea. Dawa ya zamani ilikuwa imekauka kama ukoko wa ugali. Pedi zinamegeka kila nikizigusa. Nikachukua pamba na spiriti nikaanza kusugua, shangazi huyo, ameingia mbio. "We Zuhura! Mwenye eda hajitii manukato!" Nikamwambia ni spiriti ya kusafishia. "Ndo mbaya zaidi!" Akafungua madirisha yote, akaketi palepale kunilinda na harufu. Nikakata pedi mpya, nikazipanga juu ya vile vidude vyeusi vya memori vinavyoizunguka chipu kubwa, nikaweka tone la dawa katikati ya chipu, nikafunga. Nikawasha.

Ikazima upesi kuliko mwanzo.

Nikafungua tena. Lile tone la dawa lilikuwa vilevile nilivyoliweka, duara, halijabonyea hata kidogo. Pedi zako za moja na nusu zimekiinua chuma, hakiigusi chipu kabisa. Nimepaka dawa bure na chipu inaungua peke yake chini yake. Nilikutukana, Sudi. Kwa sauti. Shangazi akasema marehemu hatukanwi, nikamwambia huyu wa kwangu anatukanwa. Akafikiri kidogo, akasema hata yeye ulimwahidi bomba la maji uani.

Kwa hiyo Salumu akarudi Kariakoo mara ya tatu, safari hii na kipande cha pedi ya zamani kwenye tishu, kile kimoja kilichobanduka kizima. Fundi akakipima. Milimita moja. Si moja na nusu wala karibu yake. Nikafuta kila kitu, nikapanga upya, nikapaka, nikakaza skrubu kidogo kidogo, ya kona hii kisha ya kona inayoikabili, ili chuma kikae sawa. Nikawasha mchana jua linawaka. Feni zikavuma taratibu. Shangazi akaleta kigoda akakaa kutazama ule mstari wa kijani unaoonyesha video imefikia wapi ukisogea, kila ukipita kidogo anasema "Inshallah". Ukafika mwisho, mashine haijazima.

Ile harusi nimeihariri vizuri, ujue. Sauti yako nimeikata kama kawaida, maana hukukoma kuongea juu ya picha. "Bi harusi tazama huku, usiogope, cheka kidogo." Kote nimekukata. Ila pale anapomkumbatia mama yake umesema "mashallah" wakati huohuo na yeye anaongea, na siwezi kukutoa wewe nikambakiza yeye. Nimejaribu kutwa nzima. Umebaki humo.

Salumu akaipeleka Temeke. Ijumaa, baada ya sala, Mzee Kibwana akaja mwenyewe, akasimama barazani, mimi niko nyuma ya pazia. Akasalimia, akasema kwa sauti majirani wasikie kama walivyosikia siku ile: "Yule kijana hatumdai. Mbele ya Mungu hatumdai kitu. Mke wangu ameiangalia mpaka kalia." Shangazi akasema alhamdulillahi. Salumu akasema alhamdulillahi. Nami nikasema.

Kisha mzee akaenda zake na mimi nikarudi kukaa mbele ya kompyuta, na hapo ndipo kitu kikaniangukia. Wakati nahangaika na kadi yako nilikuwa bado mkeo. Nilikuwa nafanya kazi yako, nakugombeza, nabishana na wewe juu ya milimita. Ukiwa na deni ulikuwa bado na shughuli hapa kwetu. Sasa umemaliza, huna shughuli tena, na mimi nimeitengeneza mashine nzima kwa mikono yangu ili nikumalize. Kuanzia Ijumaa sijapata kitu cha kukufanyia. Nimekunja mashati yako, nimeyakunjua, nimeyakunja. Nimechoka na wewe, Sudi, na sijui nichoke na nani mwingine.

Nikitoka eda nitabeba kamera. Kuna dada mmoja wa Manzese ameshaniuliza kama tunapokea kazi za send-off, nikamjibu tunapokea, nikajikuta nimesema "tu", kama vile bado tuko wawili. Nitashuti mwenyewe na nitahariri mwenyewe, na nakuahidi mbele ya shangazi aliyesinzia hapa mlangoni kwamba kazi ya mtu haitalala humu tena hata kama ni ya mtu mbaya. Bomba la uani nalo nitalivuta.

Kwaheri, mume wangu. Mzee Kibwana amekusamehe, mkewe amekusamehe, shangazi anasema hata yeye ameshakusamehe.

Mimi bado.

Mkeo,
Zuhura