Neno Hold na Kondoo wa Paker

Jumapili jioni, Kitengela. Upepo, vumbi, na mimi nimenuna.

Natangaza kwa taifa zima, pamoja na wasomaji wangu kumi na mmoja: mwalimu wa Kiingereza, mwenye kitambi na miaka ishirini ya chaki, ameshindwa na neno la herufi nne. Bendera zisishushwe bado.

Neno ni hold. Ijumaa huko Isinya nilifundisha kwamba ni kushika. Msichana mmoja akauliza, "Sasa mwalimu, mtu akihold mkutano, anaushika wapi? Kwa mkia?" Darasa likacheka mpaka kengele. Nikaahidi jibu Jumatatu.

Kwa hivyo leo baada ya kanisa nimeketi na kamusi. Waingereza wanahold kikombe, cheo, pumzi, mfungwa, hata maoni. Neno moja, kazi kama punda wa maji. Mke wangu amepita mara mbili. "Baba Njeri, bado unapigana na hiyo kitu?"

Bado. Halafu nikafika mahali wanapoeleza neno lilitoka wapi. Wataalamu wanadhani zamani sana, kabla Kiingereza hakijawa Kiingereza, lilimaanisha kuchunga mifugo. Kumlinda mnyama akila nyasi. Mambo ya mkono yalikuja baadaye.

Nimefunga kamusi.

Ni kwa sababu ya rafiki yangu Mmaasai wa huko Kajiado. Binti yetu Njeri alipotoka hospitali mwaka jana, rafiki huyo alitupatia kondoo jike. Kwao mkishapeana kondoo mnaacha kuitana majina. Mnaitana Paker mpaka kufa. Na kondoo kama huyo hauzwi, hachinjwi ovyo. Anatunzwa azae, na urafiki uzae naye. Alinieleza pole pole. Nikatikisa kichwa kama mtu anayeelewa.

Mwezi uliopita akapiga simu. "Paker, kondoo wetu amezaa?"

Nikasema amechukuliwa na fisi.

"Pole, Paker. Hiyo si makosa yako."

Jana alituma ujumbe: Jumatatu jioni ananiletea mwingine.

Tangu hapo nimekasirikia kila mtu. Upepo, kamusi, yule msichana wa mkia. Hata mke wangu, ambaye kosa lake ni kujua ukweli na kunyamaza.

Kesho asubuhi nitampigia simu rafiki yangu kabla hajamtoa huyo kondoo zizini. Akitaka kuacha kuniita Paker, ni haki yake. Wacha niandike hapa kwanza, nisije nikapunguza maneno.

Hakukuwa na fisi. Kulikuwa na wageni kumi na wanne wa kanisa, na mimi nikaona haya kuwapakulia sukuma wiki. Nilimchinja mwenyewe, nyuma ya tangi. Alikuwa na mimba. Niliona nilipompasua, nikaendelea tu, na supu nikaongezewa.