Jimbo Jipya na Watu Wake wa Juzi

Kwa Mama yangu, Utende,

Shikamoo Mama. Natumai barua hii inakukuta salama, na kwamba goti limekuachia ushuke pwani kuangalia mwani wako. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya Kanada haijanizoea wala mimi sijaizoea. Nimeona niandike, mdogo wangu Saidi akusomee taratibu, maana kwa simu ungesikia sauti yangu tu ungeanza kulia kabla sijafika popote.

Unamkumbuka Bibi Margareti, yule bi kizee ninayemtunza, niliyekutumia picha yake amejifunga kanga uliyomletea. Anakaa na mwanawe, Pita, mwanamume wa makamo, mkimya. Theluji ikizidi hunirudisha kwangu kwa gari lake. Nilipougua alikuja na supu mpaka mlangoni. Nilikuwa namwombea dua kama ndugu.

Sasa, huku watu wameongezeka mno, ikabidi likatwe jimbo jipya la uchaguzi, lenye mbunge wake kwenye Bunge la shirikisho, lile kubwa la nchi nzima. Mtaa wangu umo, na mtaa wa Bibi umo. Mama, watu wa jimbo hili moja ukiwamwaga Mafia, mpaka kile kisiwa cha Shungimbili kwenye mchanga mtupu wangesimama bega kwa bega. Kabla mipaka haijapitishwa, tume iliwaita wakazi wote kwenye ukumbi wa shule watoe maoni. Nikaenda. Nilitaka kuona tu, nikakaa nyuma.

Pita akainuka. Nilifurahi kumwona, nikanyoosha shingo. Akasema, "Jimbo hili limevimba kwa watu wa juzi. Wamekuja kufanya kazi, kura hawana, na wakimaliza wataondoka. Wahesabiwe wenyeji, hawa waachwe." Watu wakampigia makofi.

Mama, umeshawaona watu waliokanyaga nyenga, yule taa mwenye mwiba mkiani, kwenye maji ya magoti. Mtu hapigi kelele mara moja. Husimama kwanza, anayatazama maji. Ndivyo nilivyokuwa. Mikono yangu ilikuwa bado inanukia sabuni ya mamake.

Mwenyekiti, mama mmoja mwenye mvi, akauliza kama kuna mwingine. Sijui miguu ilininyanyua vipi. Nikasema, "Naitwa Mwanahamisi. Uraia sijapata, kura sina. Asubuhi hii nimemwogesha mama wa mtu aliyemo humu, nikamlisha, nikamlaza. Nikitolewa kwenye hesabu, itasemwa nani amemwogesha?" Nikakaa. Mwenyekiti akajibu kwa upole kwamba hesabu ni ya kila anayeishi hapa, awe na kura au hana, hata mtoto mchanga. Pita hakugeuka.

Jumatatu nilikwenda kazini nikijua nafukuzwa. Pita akafungua mlango, macho mekundu.

"Sikuwa nakusema wewe," akasema.

"Ulikuwa unamsema nani?"

Akasogea kunipisha mlangoni. Kisha akasema, "Wewe ni mtu wa hapa nyumbani."

Hapo nilishtuka kuliko kule ukumbini, Mama. Hakuwa amenificha chuki. Muda wote huu alikuwa akiniona mimi, na akiwaona watu wa juzi, na haikumpitikia hata mara moja kwamba mimi ni mmoja wao. Bibi akaniita kutoka chumbani nimchane nywele, nikapita ndani. Sote wawili hatukulirudia tena neno lile.

Jimbo lilipitishwa. Siku ya uchaguzi Bibi alikataa kupelekwa na mtu mwingine, basi nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka kituoni, Pita akitufuata nyuma. Msimamizi alipomwingiza Bibi kupiga kura, tukabaki wawili nje, tumeegemea ukuta.

"Uraia wako lini?" akaniuliza.

"Mwakani, inshallah."

"Nitakuleta mimi kupiga kura."

Mamake nampenda, na yeye sijui nimweke wapi moyoni. Najua hakusema kwa ubaya. Lakini kila akinifungulia mlango wa gari nayasikia yale makofi. Niombee, Mama.

Nisalimie Mjomba Makame, fundi wetu wa mashua, na Bi Tatu, somo yangu, mwambie mafunzo yake bado yananisimamisha. Mbusu mtoto wa dada. Nisalimie Shangazi Mwajuma na yule nesi wa zahanati aliyepanga chumba kwake, yule aliyetoka bara, ambaye tangu afike sote tunamwita Mbara. Jina lake silijui. Saidi amuulize, aniandikie.

Mungu akutunze mpaka nikushike mkono,

Mwanao,
Mwanahamisi