Uso Nilioufuta

Mwanangu kipenzi,

Baba yako hajambo, mguu umepungua kuvimba. Bibi anakusalimu, anauliza kama umenenepa. Shangazi yupo, na mdomo wake upo. Mdogo wako kapasua viatu tena. Mimi mwili ni mzima. Naandika kwa sababu kwenye simu ningelia.

Wenzako wa kazini walifika Jumatatu na mashine zao, kuipiga picha ile sanamu ya kale ya Bikira Maria ya kanisani kwetu, iwekwe kwenye kompyuta. Walipoiona wakashika vichwa. "Rangi ya usoni iko wapi? Ilikuwa ya miaka mia tatu!" Padri akamgeukia mlinzi: "Ufunguo unao wewe! Umemwingiza nani humu?" Mzee wa watu akaapa mpaka akatokwa machozi.

Mwanangu, ni mimi. Jumapili nikifagia kanisa nilimwona Mama Maria kajaa masizi ya mishumaa. Nikasema, hapigwi mtu picha na uso mchafu, tena wageni wenyewe ni wenzake binti yangu. Nikamsugua kwa sabuni na waya wa kusugulia sufuria. Maji yakawa mekundu, nikadhani uchafu unatoka.

Padri akifoka, nilikuwa palepale na ndoo yangu, kimya. Niliogopa utaaibika kazini.

Jumapili hii wanakaa kikao wamfukuze mlinzi. Nitasimama niseme. Lakini mwaka jana ulimpiga Mama Maria picha za majaribio. Tazama kama mashavu yake yamo, wapate pa kuigia wakiipaka rangi upya. Nipigie upesi, hata kama hayamo.

Mimi mama yako