Tawi la Mwaloni wa Bi Arlys

Jumatatu, 1 Mei

Theluji imekwisha juzi tu na leo tayari mbu. Minnesota hii! Nimeamka saa kumi na moja alfajiri nisome kurasa kumi kabla ya kazi. Nimesoma mbili. Ya tatu niliilalia — Colleen kanikuta shavu liko juu ya mchoro wa mizizi. Kasema mume wake ndiye mtu wa kwanza duniani kusoma kwa ngozi.

Miaka hamsini na miwili, mwanafunzi. Kiwanda cha karatasi kilipofungwa baada ya kunila miaka ishirini na sita, nilidhani kazi ya kutunza miti ni hewa safi. Ni hewa safi, kweli. Unaivuta huku unaburuta matawi hadi kwenye mashine ya kusaga, tangu asubuhi mpaka magoti yanalia. Renata, bosi wangu, mdogo kwangu kwa miaka kumi na tano, kaniambia wazi: nikipata cheti kwenye mtihani wa tarehe ishirini na mbili Julai, naacha kuburuta. Nitakuwa mtu wa kwenda kwenye nyumba za watu, kukagua miti yao na kuwapa ushauri. Kalamu na karatasi! Nisipokipata, daktari anasema magoti haya hayamalizi msimu mwingine. Hakuwa na haja ya kusema. Nayasikia kila nikishuka kwenye lori.

Jumanne, 9 Mei

Darasa la jioni, chuoni. Wenzangu wote wana nywele. Mwalimu Pruitt kauliza: ukikata tawi, kidonda unakipaka nini? Mkono wangu ulikuwa wa kwanza juu. Hupaki kitu! Kupaka rangi ni mambo ya zamani, rangi inafungia unyevu na uozo ndani. Mti wenyewe unakizungushia kidonda ukuta na kuendelea na maisha. Mwalimu kasema, "Safi sana, Lyle." Nimeendesha gari hadi nyumbani nikitabasamu kama mtoto aliyepewa nyota kwenye daftari.

Jumatano, 10 Mei

Nilimsimulia Tou. Tou Xiong ndiye mpandaji wetu, cheti chake alikipata zamani, yuko juu ya kamba kama kindi. Kanitazama kutoka huko juu: "Hongera, profesa. Sasa buruta hilo tawi kwa elimu."

Siku ndefu. Mgongo. Hakuna zaidi.

Ijumaa, 12 Mei

Kazi kwa Bi Arlys Hjelmstad, miaka themanini na minne, mjane, mtaa wa mialoni mikubwa. Mti wake wa matufaha ulikuwa umekufa, tuuondoe. Tou alikuwa nyuma ya nyumba na misumeno yake. Mimi kazi yangu kurudisha lori nyuma. Halikupita — tawi moja la mwaloni uliopo mbele lilikuwa limening'inia njiani, nene kama kifundo cha mkono. Nikalikata. Mkato mzuri, jamani! Pale pale panapotakiwa, haukuchubua ganda hata kidogo. Nilisogea hatua mbili nyuma kuutazama.

Bi Arlys katoka na kopo la rangi nyeusi, limeshika kutu. "Kijana" — mimi! — "marehemu mume wangu hakuacha kidonda cha mwaloni wazi hata siku moja. Chukua hii."

Nikampa mhadhara. Ukuta, unyevu, uozo, yote. Kwa upole lakini kwa urefu. Kasema, "Haya basi. Wewe ndiye uliyesoma." Karudisha kopo ndani, karudi na sahani ya keki za rubabu, ile mboga chachu ya machipuko. Nimekula nne.

Jumanne, 16 Mei

Darasani leo.

Somo: mnyauko wa mialoni. Mwalimu alianza na picha na kalamu yangu ikasimama hapo hapo. Ni kuvu. Wapo mbawakawa wadogo kama punje ya mchele, wanabeba kuvu hiyo mwilini, na majira haya, Aprili mpaka Julai, wananusa kidonda kibichi cha mwaloni na kufika ndani ya dakika chache. Mwaloni mwekundu, kama ule wa Bi Arlys, ukiambukizwa unakufa kiangazi hicho hicho. Halafu chini ya ardhi mizizi ya mialoni jirani imeungana, kwa hiyo ugonjwa unapita kwenda kwa wa pili, wa tatu, mtaa mzima. Ndiyo maana mialoni haikatwi majira haya. Na ukilazimika kukata, basi mti huu, peke yake kati ya miti yote, unaupaka rangi papo hapo. Papo hapo!

Na mimi nalijua hilo! Nani hapa asiyejua? Bango liko posta, nalitazama kila nikipanga foleni. "Usipogoe mialoni wakati wa machipuko." Lakini Ijumaa mimi sikuwa napogoa. Nilikuwa napitisha lori. Kichwani mwangu lile halikuwa hata kazi ya mti.

Na mama wa watu alikuwa na kopo mkononi.

Jumatano, 17 Mei

Nilipita kwake alfajiri kabla ya kazi, nikapaka. Siku tano zimepita — kumfunika aliyekwisha kulowa. Pazia likafunguka. Bi Arlys akanipungia mkono, akatoka na koti juu ya nguo ya kulalia. "Umebadilisha mawazo?" Nikasema ni tahadhari tu. Tahadhari! Akasema anapenda mtu asiyeona haya kubadilisha mawazo. Akanipa keki nyingine nipeleke nyumbani.

Sikuzila. Nilimpa Tou, akaniuliza kama naumwa.

Alhamisi, 1 Juni

Hakuna kitu. Majani ya kijani, mapana, yanang'aa. Napita pale kila siku nikienda na nikirudi, ingawa si njia yangu. Colleen kauliza kama nina mchumba mtaa ule. Nikamwambia ndiyo, ana miaka themanini na minne na anaoka vizuri kuliko wewe. Kacheka. Sijamwambia.

Nimechoka mpaka nywele, hizo zilizobaki. Mchana kuburuta, jioni kadi za majina ya miti kwenye friji. Nikifika kwenye mwaloni naruka kadi.

Jumatatu, 26 Juni

Kileleni, upande wa kusini, kuna rangi ya shaba. Kidogo tu. Mvua haijanyesha wiki tatu, miti yote ina kiu. Ukame. Unaweza kuwa ukame.

Jumatano, 5 Julai

Si ukame. Nilisimama leo nikaokota jani moja kwenye nyasi zake. Ncha kahawia, kitako bado kibichi. Mti wenye kiu hautupi majani mabichi.

Nilimwonyesha Tou wakati wa chakula, ndani ya lori. Aliligeuza jani, akaacha kutafuna. Nikamweleza yote — lori, tawi, kopo, mhadhara. Nilitegemea angalau utani mmoja. Hakutania. Kasema, "Mzee Lyle, nenda kwa bosi leo. Kesho asije akaliona jani hili mwenyewe." Nikasema nitakwenda leo.

Sikwenda.

Ijumaa, 7 Julai

Nimemwambia Renata. Alikuwa ananoa mnyororo wa msumeno, akaendelea kunoa mpaka nikamaliza. Kisha: "Tarehe ngapi ulikata?" Kumi na mbili Mei. "Mialoni mingapi mtaa ule?" Kumi na mmoja, nyumba sita. Nilikuwa nimeshaihesabu, mara nyingi sana.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Kasema atapeleka vijiti vya mti ule maabara. Majibu yakiwa mabaya, huo mti unaanguka, na kati yake na ya majirani tutachimba mtaro wa futi tano kukata mizizi, bustani zote zilizopo njiani ziliwe, gharama yetu. "Na wewe ndiye utakayemwambia yule mama. Si mimi."

Nikauliza kuhusu mtihani. Nilijichukia neno likiwa bado mdomoni. Kasema, "Mtihani ni wako, kaufanye. Lakini mtu wa kukagua miti anayeitwa mtaani yule aliyeua mialoni — Lyle, nitampeleka nyumba ya nani?"

Nimemwambia Colleen pia. Kanisogezea viazi.

Jumanne, 18 Julai

Majibu: ndiyo. Kuvu ipo.

Nimetoka kwake sasa hivi na sijui niandike vipi. Nusu ya mti imebaki vijiti. Nilimkuta anafagia majani kwa reki, akanikalisha barazani, kahawa, siagi, mkate. Nikamwambia mti una mnyauko, nikamweleza kuhusu mizizi na mtaro. Nilifika kwenye tawi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Akaniwahi:

"Ni maji yangu ya kufulia."

Nikasema, maji gani?

Mashine yake iliharibika Aprili, anafua kwa mkono, anamwaga maji ya sabuni chini ya mwaloni kila Jumatatu. "Mume wangu alinikataza mara mia. Nimeuua mwenyewe, kwa uvivu wa kutembea hatua ishirini." Macho yakamjaa machozi. Nikamwambia hapana, Bi Arlys, sabuni haileti ugonjwa huu. Akanipigapiga mkono. "Wewe una moyo mzuri. Unasema hivyo nisiumie."

Na mimi tawi sikulitaja. Nikanywa kahawa yake. Nikala na mkate.

Jumatano, 19 Julai

Renata: "Umemwambia?" Nimemwambia. Na kweli nimemwambia — ugonjwa, mizizi, mtaro. Alinitazama kidogo. Nikajifanya natafuta glavu.

Mtihani ni Jumamosi. Mazoezi ya leo nimepata tisini na moja kwa mia. Mwalimu Pruitt kasema nikiendelea hivi cheti ni changu. Sijawahi kupata tisini na moja kwenye kitu chochote maishani. Nimekaa na karatasi hiyo kwenye gari, haina ladha.

Naweza kufanya hesabu hii mwenyewe: nikinyamaza, nina cheti, nina kalamu na karatasi, magoti yanapona. Mti utakufa vilevile. Mtaro utachimbwa vilevile. Mama atasikitika kiangazi kimoja. Nimeirudia hesabu hiyo tangu asubuhi na kila mara inakubali, na kila mara naianza upya.

Alhamisi, 20 Julai

Saa sita mchana. Naandika ndani ya lori, nimeegesha mtaani kwake. Nilikuja kupima njia ya mtaro. Tepu iko pembeni yangu, sijaigusa.

Nilipofika Bi Arlys hakuwepo barazani. Nikamwona chini mtaani, kavaa gauni la kanisani, Alhamisi! na viatu vile vya kisigino kidogo. Ana sahani iliyofunikwa kitambaa. Nilidhani anakwenda kumtembelea mtu. Akapiga hodi nyumba ya kwanza. Mwenye nyumba katoka, wakaongea, mama akauonyesha mwaloni wake, kisha akajionyesha mwenyewe kifuani. Mwenye nyumba akampigapiga bega. Mama akampa keki moja kutoka kwenye sahani. Akaenda nyumba ya pili.

Nilishusha kioo. Upepo ulikuwa unakuja upande wangu na nikasikia kabisa: "Ni mimi, jirani. Ni sabuni yangu. Yule kijana wa miti kaniambia siyo, lakini ananihurumia. Watachimba kwenye maua yenu kwa ajili yangu, nisameheni."

Yule wa nyumba ya pili hakumpigapiga bega. Bwana mkubwa mwenye kaptula, na mwaloni wake ndio mzuri kuliko yote. Sikusikia alichosema. Nilimwona mama ameinamisha kichwa, sahani kaikumbatia kama ngao, anaitikia tu, anaitikia. Mlango ukafungwa kabla hajageuka.

Sasa anajipanga kwenda ya tatu. Amesimama kwenye kivuli, anapumzika, kapangusa jasho. Zimebaki nyumba tatu. Ngazi za ya tatu ni ndefu, na hazina pa kushikia.

Ameshika ngazi ya kwanza. Ya pili.

Nimefungua mlango wa lori. Nimemwita. Hasikii — nitamwita tena — amegeuka, ananipungia, anatabasamu, anadhani nimekuja kumsaidia kubeba sahani. Naacha kalamu hapa: nakwenda kumwambia ni mimi, ni lile tawi, kabla hajapiga hodi.